Delta Iliyo Juu ya Vichwa Vyetu

Ndugu msomaji, mazungumzo yetu ya juma hili ni juu ya picha. Simaanishi picha ya sinema, wala ya kupigwa kwa kamera, bali picha ya kuchorwa kwa rangi, ile inayotundikwa ukutani ili mtu aitazame na kuvuta pumzi. Na katika hizo nachagua aina moja tu: picha ya mandhari. Na katika mandhari nachagua mahali pamoja: pale mto mkubwa unapofika baharini, ukaacha kwenda kwa mkondo mmoja, ukajigawa vijito kumi na zaidi, ukamwaga tope lake na kuotesha mikoko. Waalimu wa jiografia wanapaita delta, na neno hilo sasa ni letu.

Najua utaniuliza: Unguja ina delta gani? Haina. Mito yetu, kama Mwera, ni mifupi, na mikoko yetu ya Chwaka na Pete inaota kwenye ghuba bila ya msaada wa mto mkubwa. Lakini nitakuonyesha kwamba mji wetu huu wa Zanzibar, huu unaoitwa Mji Mkongwe, umejengwa kwa delta ya watu wengine. Na nitauliza kwa nini, katika maelfu ya picha zinazouzwa mitaani mwetu, delta hiyo haimo.

Hebu pita siku moja katika maduka ya picha, kuanzia Shangani hadi Hurumzi, upite Gizenga nyuma ya Ngome Kongwe. Utaona jahazi na tanga lake jeupe. Utaona mlango wa kuchonga wenye njumu za shaba. Utaona Wamasai warefu wembamba juu ya ardhi nyekundu, na twiga, na simba wa mtindo wa Tingatinga, mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1968 na marehemu Edward Saidi Tingatinga kwa rangi za mafuta zinazong'aa. Mimi sina ugomvi na picha hizo, maana zinawapatia vijana wetu riziki. Lakini kila mara najiuliza: lile jahazi lenye tanga jeupe linatoka wapi, na limebeba nini?

Jibu lake liko darini. Ingia katika nyumba yoyote ya zamani ya Mji Mkongwe, iwe ya Malindi, Kiponda au Mkunazini, kisha uinue kichwa. Utaona miti ya mviringo imepangwa sambamba, ukuta hadi ukuta, na juu yake mawe na chokaa. Hizo ndizo boriti, nazo ni mikoko. Baadhi zilikatwa Lamu na kwengineko pwani, lakini sehemu kubwa ilitoka delta ya Rufiji, kusini ya Dar es Salaam, mkabala wa kisiwa cha Mafia.

Mti wa mkoko una faida mbili kubwa kwa mjenzi. Kwanza ni mgumu na mzito, na mchwa hawauli kwa urahisi. Pili huota umenyooka, kwa sababu miti imesongamana na kila mmoja unapigania jua. Lakini una kikomo chake: kipande chenye unene wa kutosha kubeba dari hakiwi kirefu sana. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu kama ushoroba lakini vyembamba, na upana wake aghlabu hauzidi mita 3 au 3 na nusu. Mwenye nyumba angeweza kuwa tajiri wa karafuu au waziri wa Sultani, angeweza kuongeza ghorofa na kurefusha chumba apendavyo, lakini upana hakuuamua yeye. Mafundi wa zamani walilijua hilo bila ya kufundishwa skuli: fundi hupima boriti kwanza, kisha ndipo hupima chumba.

Sasa fikiri jambo hilo vizuri, ndugu msomaji. Mti ulioota kwenye tope la Rufiji ndio uliokata upana wa chumba alichozaliwa babu yako, wa ukumbi ilimofungwa ndoa ya bibi yako, wa baraza ilimosomwa khitma ya jirani yako. Hatuna picha ya delta ukutani kwa sababu tumeiweka juu ya vichwa vyetu, na kitu kilicho juu ya kichwa watu hukisahau.

Nije kwenye wachoraji. Nikitafuta delta ya pwani hii ya Afrika ya Mashariki iliyochorwa kwa rangi na mchoraji anayejulikana kwa jina, ninayempata mapema ni Mwingereza Thomas Baines, na delta yake si Rufiji bali ni ya Zambezi, huko Msumbiji. Baines alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa King's Lynn. Alikuwa amekwisha kuchora vita vya mpakani huko Afrika ya Kusini na safari ya kaskazini ya Australia, ndipo akachukuliwa na David Livingstone kuwa mchoraji na mtunza ghala wa msafara wake wa Zambezi. Walifika mdomoni mwa mto ule mwezi wa Mei 1858.

Livingstone aliamini kwamba Zambezi ni barabara kuu aliyoiweka Mungu ili biashara na dini ya Kikristo viingie bara. Kwa hivyo kwake yeye delta ilikuwa mlango, na mlango sharti ufunguke. Haukufunguka. Mafungu ya mchanga yalikuwa yanahama, vijito vilikuwa vinadanganya, na boti yao ya mvuke iliyoitwa Ma Robert ilikula kuni kwa wingi na kwenda polepole, hata wenyewe wakaipachika jina la mgonjwa wa pumu. Mabati yake yalikuwa membamba, yakatoboka kwa kutu, na mwezi wa Desemba 1860 ikazama mtoni.

Katika hali hiyo Baines alichora, mara nyingine akiwa na homa. Picha yake moja mashuhuri, iliyohifadhiwa na Royal Geographical Society ya London, inaonyesha Ma Robert katika maji machache ya Mto Shire, unaoingia Zambezi, na mbele yake tembo mkubwa amesimama. Ukiitazama, utadhani boti ile ni shujaa. Anga lina rangi ya kupendeza, maji yanameremeta, moshi unapanda kwa fahari. Pumu haionekani. Hiyo ndiyo nguvu ya mchoraji wa mandhari: hachori kilichopo tu, huchora pia kile anachokitamani, au anachokitamani aliyemlipa.

Mwisho wa Baines katika msafara ule ulikuwa mchungu. Mwaka 1859 Livingstone alimfukuza kwa tuhuma za kuiba vifaa vya msafara. Mwenyewe alikana, akaendelea kukana mpaka alipofariki Durban mwaka 1875. Lakini mwenzake katika boti ileile, daktari na mtaalamu wa mimea John Kirk, sisi wa Zanzibar tunamjua sana. Alikuja hapa mwaka 1866, akapanda hadi kuwa balozi mkuu wa Uingereza, na ndiye aliyembana Sayyid Barghash mpaka mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ukatiwa saini na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Kirk pia alikuwa mpigaji picha. Mtu aliyeanza kazi yake ya Afrika kwenye tope la delta ndiye aliyekuja kuwa na sauti kubwa katika jumba la Sultani wetu. Pwani hii ni moja, na mito yake inafika mbali kuliko ramani inavyoonyesha.

Basi hiyo ni delta ya kwanza: delta kuwa mlango.

Delta ya pili ni maficho. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, watu wa mjini waliamshwa na mizinga. Manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilikuja hadi mbele ya bandari yetu ikaipiga manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo. Pegasus ikazama. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na makaburi yao yako katika kisiwa cha Chapwani, mkabala wa mji. Königsberg ikaondoka na kutoweka. Ilikwenda wapi? Ilirudi Rufiji, ikaingia ndani ya vijito, ikafungwa matawi ya mikoko kwenye milingoti yake ili isionekane kutoka baharini.

Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, lakini kuigundua si kuifikia. Meli zao kubwa hazikuweza kupita katika maji yale machache. Ilibidi ziletwe meli mbili maalumu zenye kina kifupi, Severn na Mersey, na ndege za kuelekeza mizinga zikawa zinaruka kutoka Mafia. Mpaka tarehe 11 Julai 1915 ndipo Königsberg ilipomalizwa, na hata hapo Wajerumani waliitoa mizinga yake 10 wakaikokota bara kuendelea na vita. Mmoja wa mizinga hiyo uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus, maadui wawili wamekaa jirani.

Kisa hicho kimechorwa mara nyingi na wachoraji wa mambo ya vita, na katika picha zile nilizopata kuziona mimi delta ni mnyama wa kutisha. Miti ni myeusi, maji ni meusi, moshi ni mwekundu. Ni picha zenye hisia kali, wala siwezi kusema ni mbaya. Lakini zina upungufu mmoja ambao ukishauona hutausahau: hakuna mtu wa Rufiji ndani yake. Utaona chuma na utaona mikoko. Mwanamke anayepalilia mpunga wake, mvuvi aliyekimbia na mtumbwi, mzee aliyelazimishwa kubeba mzigo wa vita, hao hawamo. Kana kwamba delta ilikuwa tupu mpaka Wazungu walipokuja kupigania ndani yake.

Delta ya tatu ni ghala, na hii inatugusa zaidi sisi, kwani wenye ghala tulikuwa sisi na jamaa zetu wa ng'ambo. Kila msimu wa kaskazi majahazi na mabumu yalishuka kutoka Oman, Kuwait na Ghuba yote, yakileta tende, chumvi, mazulia na papa mkavu. Kusi likianza kuvuma yakarudi, na mzigo mkubwa wa kurudi nao ulikuwa boriti. Nchi zile hazina miti. Nyumba za zamani za Kuwait, Bahrain na Maskati nazo zina vyumba vyembamba, kwa sababu ileile ya vyumba vya Kiponda. Miti ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kila unene ulikuwa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Magome ya mkoko nayo yalitakiwa na viwanda vya ngozi vya Ulaya. Wajerumani walipoona faida hiyo waliweka ofisi ya misitu huko Salale mwaka 1898, wakaanza kutoza ushuru na kuamua nani akate na nani asikate.

Mwanzoni mwa mwaka 1939 Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alifika Rufiji ndani ya bumu la Kuwait lililokuwa na nahodha aitwaye Ali bin Nasr al-Nejdi. Alikuwa amepanda Aden mwezi wa Desemba 1938, akapita Mogadishu, Lamu, Mombasa na hapa Zanzibar. Villiers hakuwa mchoraji. Alikuwa baharia, mwandishi na mpigaji picha, na picha zake zimehifadhiwa katika makumbusho ya bahari huko Greenwich. Lakini maelezo yake juu ya Rufiji ni kama mchoro wa rangi nzito. Anaeleza joto, mbu, tope linalomeza miguu, na mabaharia wa Kuwait wanaoingia wenyewe mikokoni kukata na kubeba, siku baada ya siku, mpaka bumu lijae. Mabaharia waliokuwa wakiimba baharini walinyong'onyea Rufiji.

Namshukuru Villiers kwa jambo moja: alionyesha jasho. Baines alituonyesha boti bila ya pumu yake, lakini Villiers alituonyesha kwamba boriti haishuki kutoka mbinguni. Hata hivyo naye alipita akaenda zake. Kwake delta ilikuwa mahali pa kupakia mzigo na kuondoka haraka kabla ya homa.

Sasa iko wapi delta ya nne? Delta kuwa nyumbani?

Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko wa kiasi cha hekta 53,000, na hakuna msitu mmoja wa mikoko ulio mkubwa kuliko huo katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Humo wanaishi watu tangu zamani, Warufiji na Wanyagatwa na wengineo, katika vijiji kama Salale, Mbwera na Msala. Wanalima mpunga, wanajenga madungu ya kukaa juu ili kulinda mashamba na ndege na wanyama, wanavua samaki na kamba. Kamba wengi wanaoliwa katika mahoteli ya Dar es Salaam na hapa Unguja wamekulia kwenye mizizi ile ya mikoko. Watu hawa wanajua mlango upi wa mto unaingilika kwa bamvua na upi ni mtego, wakati gani maji ya chumvi yanapanda na wakati gani yanasukumwa na maji ya mto.

Wala si watu wa kunyamaza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa kufungua mabwawa makubwa ya kufugia kamba katika delta hiyo, mpango uliokwisha kupata baraka za serikali mwaka 1997. Wanavijiji wengi waliupinga, waandishi wa habari za mazingira wakaupigia kelele, shauri likafika mahakamani, na mabwawa yale hayakujengwa. Mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa likaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa ulimwengu. Mandhari yale yapo hadi leo kwa sababu kuna watu waliokataa.

Delta hiyo, yenye watu ndani yake, ndiyo ninayoitaka ukutani.

Na usiniambie kwamba wachoraji wetu hawawezi. Marehemu Sam Ntiro, aliyezaliwa Uchagani mwaka 1923 na kusoma Makerere na London, alichora miteremko ya Kilimanjaro maisha yake yote, na katika picha zake mandhari hayako matupu. Watu wanavuna, wanachota maji, wanajenga, wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha yake hiyo ya pombe ya harusi, ya mwaka 1956, ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York. Ntiro alitufundisha kwamba kwetu sisi mandhari ni kazi na ujirani, mlima na mtu pamoja.

Na kama unataka hisia badala ya kilimo, tunaye Lubaina Himid. Alizaliwa hapa hapa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mchanga baada ya kufiwa na baba yake, akakulia huko, na mwaka 2017 akashinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya nchi ile. Mwaka 1999 alichora mfululizo wa picha alioupa jina la Zanzibar. Usitafute jahazi ndani yake. Ni rangi, mapambo na michirizi inayomkumbusha mtu maji, mvua na kumbukumbu iliyokaribia kufutika. Ni mwana aliyeondoka akiwa hajui kusema, anachora kile ambacho mwili wake unakikumbuka. Ikiwa maji ya Unguja yanaweza kuchorwa namna hiyo, kwa nini maji ya Rufiji yasichorwe?

Kwa wachoraji wa nyumba tunaye pia John da Silva, mzaliwa wa Goa aliyekulia hapa, aliyeichora Mji Mkongwe mlango kwa mlango na ukuta kwa ukuta. Michoro ya namna yake imekuwa ushahidi, kwani nyumba nyingine zilizowahi kuchorwa mjini hivi sasa ni vifusi.

Na hapo ndipo penye jambo la haraka. Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na mamlaka ya kuuhifadhi ilikuwepo tangu mwaka 1985. Lakini hati haizuii mvua. Bati likitoboka, maji huingia kichwani mwa boriti, pale inapoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Boriti huoza kutoka ndani kwanza. Mwenye nyumba huona ufa mdogo, akaupaka saruji badala ya chokaa. Saruji inazuia ukuta kupumua, unyevu unabaki ndani, na kuoza kunazidi. Siku moja dari linashuka. Tarehe 25 Desemba 2020 tuliona sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ikiporomoka mchana kweupe na kuua mafundi wawili. Jumba lile lilijengwa kwa nguzo na mihimili ya chuma ili liwe na kumbi pana zisizotawaliwa na urefu wa boriti. Ikiwa chuma cha Sultani hakikustahimili kuachwa, nini itakuwa hali ya mikoko ya nyumba ya wakfu iliyo uchochoroni?

Ukitaka kutengeneza kwa namna ya zamani, unahitaji boriti mpya. Na boriti nzuri sasa ni adimu, kwa sababu mikoko inalindwa, na haki yake kulindwa. Huko Rufiji kwenyewe hali inabadilika. Tangu miaka ya 1970 maji matamu ya mto yameelekea zaidi upande wa kaskazini wa delta, na wakulima wakayafuata na mpunga wao, wakafyeka mikoko. Usiwalaumu haraka, tumbo halingoji semina. Na juu zaidi mtoni sasa limesimama Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024. Bwawa lolote duniani huzuia tope pamoja na maji. Na delta ni nini kama si tope? Mto ukishuka maji matupu, bahari huanza kudai ardhi yake.

Hapa ndipo panaponishughulisha mimi mtu wa Unguja. Umeme wetu unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, nao unatoka katika gridi ya taifa ambayo sasa inalishwa na bwawa hilo. Kwa hivyo usiku, unapowasha taa katika chumba cha Mji Mkongwe, taa inatoka Rufiji na dari inayomulikwa nayo imetoka Rufiji. Mto mmoja unatupa vitu viwili, na kimoja chaweza kukitafuna chengine. Sisemi bwawa livunjwe. Nasema anayepewa vitu viwili na jirani anapaswa kumjulia hali jirani huyo.

Nimesikia wengine wakisema: tuna shida ya maji, ya takataka, ya ajira, wewe unatuletea habari za kuchora? Nawaheshimu, na jibu langu ni hili. Watu hawakipiganii kitu wasichokiona. Serengeti inalindwa na dunia nzima kwa sababu dunia nzima imeiona pichani. Mlango wa Zanzibar ulikuwa ukiuzwa na kung'olewa ovyo, na picha za milango zimesaidia kuwafanya watu waone aibu kuung'oa. Delta haina picha, kwa hivyo haina mwenye kuionea aibu. Aliyoiona Baines ilikuwa mlango, ya wapigana vita ilikuwa maficho, ya wafanyabiashara ilikuwa ghala. Kila mmoja alichukua chake akafunga safari.

Basi nina maombi matatu madogo. Kwanza kwa vijana wachoraji wa Gizenga na Shangani: mmoja wenu apande boti ya Nyamisati, aende akakae delta siku kumi, achore anachokiona na anachokihisi, hata kama mtalii hatakinunua mwaka huu. Pili kwa wakuu wa makumbusho yetu: Beit al-Ajaib litakapofunguliwa tena, pawepo ukuta mmoja wa Rufiji, wenye boriti ya kushikwa kwa mkono, jina la mti wake, na picha ya watu walioikata. Tatu kwako wewe mwenye nyumba: panda juu kabla ya masika, ukague bati lako na vichwa vya boriti zako. Na wazee waliofanya kazi ya kupakua boriti katika bandari ya majahazi ya Malindi wangalipo wachache. Waulizeni majina ya milango ya mto, majina ya miti na bei za korija, myaandike. Kesho hatutakuwa na wa kumuuliza.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo.